Ua Wangu Juu ya Paa Lako

Nyumba yetu hapa Maskati ina ghorofa moja na kipande. Hicho kipande ni vyumba vitatu na jiko vilivyojengwa juu ya dari, na mbele yake uwanja wa sakafu tupu ambapo zamani tulikuwa tukianika nguo na ndimu za kukausha. Chini ya uwanja huo ndipo kilipo chumba cha mama yangu. Marehemu baba alijenga hivyo ili kaka zangu wakioa wakae juu, karibu na wazee. Walipooa, wake zao walitaka kukaa Al Khoud na Mawaleh, pembezoni mwa mji, kwenye majumba ya geti la umeme, na sisi tukapangisha.

Wapangaji wetu ni Wakurdi, mume na mke na watoto wao wawili. Mume ni mhandisi katika kiwanda kimoja huko Rusayl na mke ni mfamasia. Ni watu wa adabu mno, kiasi cha kumuudhi mama yangu. Mama ni mtu wa Unguja, kazaliwa shamba, kazoea nyumba yenye kelele. "Watu gani hawa, hata kiti hawakiburuti?" alikuwa akisema. "Wanatembea kwa vidole kama wezi." Mimi ndiye binti wa mwisho, niliyezaliwa hapa hapa, sikuolewa, nimestaafu wizarani, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kugombana naye. Nilimwambia ashukuru. Hakushukuru.

Majira ya baridi yaliyopita yule mfamasia alikwenda kwao akarudi na mama yake. Kizee chembamba, kirefu, uso mwekundu wa baridi, kitambaa cheupe kichwani na sketi juu ya sketi. Kilikuwa na kikohozi, na madaktari wa huko walisema asilale tena kwenye moshi na theluji. Alikuja kwa miezi michache, ndivyo alivyoambiwa. Binti yake alituambia sisi, kwa Kiarabu, pale pale mlangoni huku akishusha masanduku, kwamba harudi tena. Mama yake alikuwa nyuma yake akitabasamu, hajui neno la Kiarabu zaidi ya sala na salamu.

Asubuhi ya pili, baada ya alfajiri, tukasikia hodi. Alikuwa yeye. Alisalimia, akavua viatu, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa mama, akasimama katikati ya chumba akainua uso. Alilitazama dari kutoka pembe hii hadi pembe ile, akagusa ukuta kwa kiganja, akasema "Alhamdulillahi," akavaa viatu akapanda kwake. Siku iliyofuata vile vile. Na iliyofuata.

Mama alikasirika vibaya sana.

"Huyu kaja kunikagua utando wa buibui?" alisema. "Mie, kwa umri wangu huu, niingiliwe chumbani nikaguliwe dari? Lete ngazi!"

Nikaleta ngazi. Nikafagia dari nzima, nikafuta pangaboi bawa kwa bawa, na mama akiwa kitandani ananielekeza kama kapteni. Akafukiza na udi kwa hasira. Asubuhi yule bibi akaja, akanusa, akacheka kwa kufurahi, kisha akainua uso na kuanza tena kwenye pembe ile ile. Mama akanikazia macho. Nilifikiri atamtoa kwa fimbo.

Jioni nilimsubiri binti yake kwenye ngazi, nikamuuliza kwa upole niliouokoteza. Aliweka mifuko chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba radhi mara kadhaa. Halafu alikaa pale pale kwenye ngazi akatueleza, mimi niliyesimama na mama aliyekuwa ameburuta kiti chake hadi mlangoni ili asikose kitu.

Kijiji chao kiko kwenye ubavu wa mlima, na ubavu wenyewe ni mkali mno, hakuna pa kuweka ua. Kwa hiyo nyumba zimepangwa kama ngazi. Paa la nyumba ya chini ndilo ua wa nyumba ya juu yake. Ukitoka mlangoni kwako unakanyaga kichwa cha jirani. Watoto wako wanacheza juu ya usingizi wa mtu, harusi inachezwa juu ya chakula cha mtu. Na mapaa yenyewe ni ya udongo, umeshindiliwa juu ya magogo na matawi. Mvua ikinyesha udongo unalainika na kufungua nyufa, na hapo lazima mtu atoke haraka, amwage chumvi na makapi, kisha aburute jiwe zito la mviringo huku na huku mpaka nyufa zizibe. Theluji nayo ikianguka lazima iondolewe kabla haijalemea magogo. Sasa kazi hiyo si ya mwenye nyumba. Ni ya anayekaa juu yake, kwa sababu ndiye mwenye ua. Wewe unalinda paa la wa chini yako, na wa juu yako analinda lako.

"Mama yangu anakaa juu yako, khala," yule binti alimwambia mama, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu. "Anakuja kuangalia kama huvujiwi."

Mama aliinua uso akalitazama dari lake. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwangu mimi, "Na mie nimemfagilia dari kwa matusi."

Tangu siku hiyo alimwita Shoga wa Juu, na ikawa asubuhi mama anaoga mapema ili asikutwe na nguo za kulalia. Shoga wa Juu akishamaliza kukagua, anakalishwa, anapewa kahwa na mandazi. Walizungumza wote wawili kwa wakati mmoja, mmoja Kikurdi, mmoja Kiswahili, na walipofika kwenye "Alhamdulillahi" na "Inshallah" walikutana na kuitikiana kwa nguvu. Nilikuwa nikisikiliza kutoka jikoni. Mama alikuwa akimsimulia mambo ambayo sijawahi kusimuliwa mimi, mambo ya kisima chao na ya dada yake mkubwa, kwa sababu alijua hasikii neno. Niliona wivu, sitaki kuficha.

Kidogo kidogo, binti yake akifasiri siku za Ijumaa, tukakijua kijiji chenyewe. Shoga wa Juu alikihesabu kwa mikono, kiganja juu ya kiganja, kupanda. Zamani zile mtoto aliweza kukimbia kutoka nyumba ya chini kabisa hadi ya juu bila kukanyaga ardhi. Vita vikaja, kikachomwa moto, wakarudi wakajenga. Vikaja tena, wakarudi tena. Kilichowamaliza hasa hakikuwa vita. Kilikuwa barabara. Ilipofika, vijana waliiona njia ya kushukia mjini na hawakuona ya kupandia. Mwalimu akaacha kuja, shule ikafungwa, na kina mama wenye watoto wakafuata shule. Sasa moshi wa asubuhi ulitoka nyumba tano tu. Juu kabisa mzee mmoja na mkewe na mbuzi wao. Katikati ndugu wawili wanaume, kila mmoja na nyumba yake, ambao hawasemezani tangu ujana kwa sababu ya mti wa jozi. Halafu yeye. Na chini yake, mjane mwenzake.

"Watu sita," alisema mama, "na wawili kati yao wamenuniana! Hata sita si sita."

Huyo mjane wa chini ndiye aliyemkosesha Shoga wa Juu raha. Waliolewa msimu mmoja, mmoja nyumba ya chini, mwingine ya juu. Mjane yule ana nyonga mbovu, hawezi kupanda hata ngazi moja. Watoto wake wako ughaibuni, hataki kuwafuata. Kabla ya kuondoka, binti alikuwa ameagana na mpwa wao mmoja wa mjini awe anapanda mlimani kila wiki kusafisha theluji juu ya paa la yule bibi. Mpwa huyo aliapa kwa misahafu yote. Lakini Shoga wa Juu alimjua mpwa wake. Kila jioni alikuwa akimuuliza binti yake jambo moja, na hata mimi nilishaanza kulitambua kwa sauti: je, kule imeanguka theluji?

Binti alikuwa akisema hapana. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Ndipo yule mfamasia alipotushukia peke yake, saa za asubuhi mama yake akiwa anasali dhuha, akamshika mama yangu mikono yote miwili. Alikuwa amekonda usoni. Alisema, "Khala, nisaidie. Mwambie abaki. Mimi ananiona mtoto, lakini wewe ni mkubwa, utamtuliza. Daktari kasema akirudi kule kikohozi kitamuua. Sina mama mwingine."

Mama alipenda kuombwa. "Niachie mie," alisema, akajipiga kifua. "Mie nimewatuliza watu wakubwa kuliko yeye."

Basi ikaanza kampeni. Mama alimnunulia kanga doti nzima, akamfunza kujifunga, na bibi akazifunga juu ya sketi zake mbili, akaonekana kama mzigo wa soko. Alilishwa mbaazi za nazi, mkate wa kumimina, mchuzi wa papa ambao aliutemea kwenye leso kwa heshima kubwa. Nilitumwa niwaendeshe hadi Matrah wakaone bandari ya Sultan Qaboos. Siku hiyo palikuwa na meli ya watalii imefunga gati, ndefu kupita kila jengo la pale, madirisha juu ya madirisha. Mama alimwonyesha kwa mkono kana kwamba ni yake. Shoga wa Juu aliitazama kwa muda mrefu kutoka chini hadi juu, akauliza kitu. Binti yake akafasiri: anataka kujua wale wa safu ya juu wanajuana na wale wa chini?

"Mwambie hawajuani hata majina," nilisema.

Alitikisa kichwa, akawahurumia.

Nilikuwa nikimcheka mama kwa kampeni yake, naye akinijibu kwamba mimi sijui kitu, mtu huzoea. "Mie sikuzoea?" alisema. "Nilikuja hapa nikalia mwaka mzima. Nchi ya mawe, jua la kukaanga yai. Leo nani ananitoa?" Ilikuwa ndiyo hadithi yetu ya nyumbani, kwamba mama alilia mwaka mzima kisha akazoea, na sisi wote tulikua tukiiamini kama tunavyoamini kwamba jua linatoka upande wa bahari.

Kisha mvua ikanyesha.

Kwetu mvua ni jambo la habari. Simu zote zilipiga kelele za tahadhari, shule zikafungwa, mabonde yakaanza kuteremsha maji. Mawingu yalikaa juu ya mji mchana kutwa na mama akaomba madirisha yafunguliwe asikie. Tukasikia kitu kingine. Juu ya dari la chumba chake, miguu inakimbia, kitu kinakwaruzwa, kinaburutwa, kinakwaruzwa tena.

Nilipanda mbio nikidhani mtu kaanguka. Shoga wa Juu alikuwa uwanjani katika mvua, miguu mitupu, sketi zimechomekwa kiunoni, anasukuma maji kwa ufagio wa mpira kuelekea kwenye mfereji. Nyuma yake sakafu ilikuwa nyeupe. Alikuwa amemwaga chumvi yote ya jiko la binti yake, kisha akashuka kimya kimya kwenye stoo yetu akachukua gunia letu la chumvi ya mawe ninayotilia ndimu za achari, akapanda nalo ngazi mwenyewe, mtu mwenye kifua kibovu. Alikuwa akikohoa na kumwaga, akikohoa na kumwaga. Binti yake alisimama mlangoni analia kwa aibu, anapiga kelele kwa Kikurdi. Baadaye alinitafsiria. Alikuwa akisema, "Mama, hii ni zege! Zege haivuji! Rudi ndani!" Na mama yake alikuwa akijibu bila kugeuka, "Anayelala chini yangu ni mzee."

Tulimwingiza ndani, tukambadilisha nguo, tukampa tangawizi. Nilirudi kwa mama yangu nimelowa chapachapa nikamsimulia nikicheka, maana sikujua nifanye nini kingine. Mama hakucheka.

"Anatafuta jiwe lake," alisema. "Mtafutie."

"Mama, jiwe la kushindilia udongo juu ya zege?"

"Nimesema mtafutie. Akiwa na paa lake la kulinda hapa, atatulia. Kule atasahau."

Ndivyo nilivyojikuta Wadi Kabir, kwenye vichochoro vya magereji, nikizunguka kutafuta fundi wa kunikatia kipande cha bomba zito la chuma, kilichojazwa zege, chenye mhimili katikati na mpini wa kuburutia. Nilimpata kijana Mkenya aliyekuwa akichomelea geti. Aliinua kioo chake cha macho akanitazama kuanzia abaya hadi viatu.

"Hii ni ya gym, madam, ama ni ya kutengeneza barabara?"

"Ni ya mama," nilisema.

"Mama yako?"

"Rafiki wa mama."

"Ako na miaka ngapi?"

"Kama themanini."

Alizima mashine yake kabisa. "Na nyinyi mnakulanga nini huko kwenu?" Kisha akacheka, akasema sawa, mafi mushkil, hakuna shida, nije bukra, kesho jioni. Aliitengeneza vizuri, hata mpini akaufunga raba usiumize mikono.

Wanaume wawili waliipandisha. Shoga wa Juu alipoiona alipiga makofi. Aliizunguka, akaisukuma kwa mguu, akaufurahia mpini wa raba. Ijumaa hiyo, baada ya manyunyu mengine ya asubuhi, alianza kazi. Mimi nilikuwa chini kwa mama, na ile sauti ilipita juu ya vichwa vyetu kama mtu anasaga mahindi kwenye jiwe, kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Pangaboi lilitikisika. Mama alilala chali na tasbihi yake, macho yamefumba, anatabasamu. "Unasikia?" alisema. "Kazoea huyo. Khalas."

Sauti ikaenda mara chache zaidi, kisha ikakoma.

Tulisubiri. Niliposikia hatua kwenye ngazi nilifungua mlango. Alishuka taratibu, binti yake nyuma. Safari hii hakuangalia dari. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama, akauchukua mkono wake, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote. Binti alitazama dirishani.

"Kasemaje?" mama aliuliza.

"Hakuna, khala. Anashukuru."

"Sikuuliza kama anashukuru. Kasemaje?"

Binti aliuma mdomo. Kisha alifasiri, neno kwa neno, kama mtu anayelipishwa faini. "Anasema ameinama, ameigusa sakafu, haina hata ufa. Anasema paa hili halimhitaji. Anasema anajua mmefanya kwa mapenzi, lakini mmempa kama vile mtoto anavyopewa donge la unga achezee ili mama apike. Anasema kule chini yake kuna mtu."

Nilimwona mama akishituka usoni. Sijui kama wengine waliona. Aliendelea kuushika mkono wa mwenzake, akiupapasa kwa kidole gumba. Kisha akageukia binti.

"Mrejeshe."

"Khala!"

"Mrejeshe mama yako kwao."

"Uliniahidi!" Yule binti alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Uliniambia nikuachie wewe! Unataka akafie mlimani, peke yake, kwenye baridi? Mimi nikae hapa nimpigie simu maiti?"

"Peke yake hayuko, kwani hukufasiri mwenyewe? Chini yake kuna mtu."

"Mtu mmoja! Kizee kisichotembea!"

"Mmoja anatosha," alisema mama. Alikuwa akisema Kiarabu hadi hapo, lakini sasa kilimponyoka, akahamia Kiswahili, na ikabidi mimi nifasiri, jambo ambalo ningependa lifanywe na mtu mwingine. "Mwambie. Mwambie mie nililetwa hapa nikaambiwa mwakani tutakwenda kutembea. Mwakani ikafika, mna mtoto mchanga. Mwakani, skuli. Mwakani, baba yenu anajenga. Sikunyimwa kitu, mwambie hivyo, nimekula, nimezaa, nimeoza wanangu, nimeheshimiwa. Lakini dada yangu alikuwa akinitandikia kitanda kila Idi. Kila Idi, shuka mpya. Anafungua na dirisha, maana anajua mie nataka upepo. Watu walikuwa wakinambia, nami nnajibu, mwakani. Mpaka akafa na kitanda kimetandikwa." Akanigeukia mimi. "Nyie mnasema nilizoea. Mie sikuzoea. Nilinyamaza."

Nilifasiri yote. Nilipofika kwenye kitanda nililazimika kuanza sentensi upya. Nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini, nimeishi na mwanamke huyu kila siku ya maisha yangu, na sikujua kwamba mahali fulani duniani palikuwa na shuka mpya kila Idi kwa ajili yake. Niliumia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfokea, kwa nini hukusema, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu kulikuwa na wageni.

Yule binti alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake. Mama yake, ambaye hakuelewa neno lolote kati ya yote yaliyosemwa, alimvua kitambaa akaanza kumchana nywele kwa vidole.

Shoga wa Juu aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Binti yake aliomba ruhusa kazini akampeleka mwenyewe, na dawa za kifua za kutosha kijiji kizima, mbuzi pamoja nao. Mama yangu, ambaye haendi uwanja wa ndege kwa sababu anasema ni mahali pa kulilia bure, alikwenda. Hawakulia. Waliagana kila mmoja kwa lugha yake, wote kwa pamoja, kama kawaida yao, wakakutana kwenye "Inshallah."

Siku chache baadaye binti alitutumia video. Mama alinifanya niiunganishe na televisheni. Mlima, mweupe wote isipokuwa mapaa machache, na moshi. Barabara ilikuwa imefungwa na theluji, wamepanda sehemu ya mwisho kwa punda wa yule mzee wa mbuzi. Mpwa, binti alitueleza, bila shaka hakuwa ameonekana tangu mwezi wa kwanza wa ahadi yake. Wale ndugu wawili ndio waliokuwa wakija kuondoa theluji juu ya paa la mjane, mmoja asubuhi na mwingine jioni ili wasikutane, na kwa sababu hawasemezani hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba pembe ya nyuma imeanza kuzama. Pembe hiyo ilikuwa imeshuka. Ndani, tuliona beseni chini ya tundu, na kitanda kimesogezwa ukuta wa pili.

Na juu ya kitanda hicho, mjane wa chini. Mnene, amefunikwa mablanketi hadi kidevuni. Shoga wa Juu aliingia na viatu vyake vya theluji, akasimama, akainua uso akatazama dari. Hapo yule mjane akalipuka. Alipiga kelele, akatupa mto, akapiga kelele tena, mkono mmoja unaonyesha tundu, mwingine unaonyesha mlango. Shoga wa Juu alisimama pale pale anapokea yote, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa akicheka.

Nilimpigia binti simu nikamuuliza yule bibi alikuwa akisema nini.

"Matusi," alisema. Alikuwa bado huko, sauti inakatika kwa upepo. "Mengine siwezi kumfasiria khala. Anamuuliza alikuwa wapi. Hilo ndilo analolirudia. Ulikuwa wapi wewe, ulikuwa wapi."

Nilimwambia mama. Alicheka mpaka akashika mbavu, akataka video irudiwe, akacheka tena kwenye ule mto. Nikairudisha mara ya tatu. Mara hiyo hakucheka, alitazama tu.

Nilikuwa nikifikiria jambo moja tangu ile Ijumaa. Nilizima televisheni, nikakaa mahali alipokuwa akikaa Shoga wa Juu.

"Mama," nilisema, "twende Unguja. Si mwakani. Mwezi huu. Ndege ni ya moja kwa moja, nitakuombea kiti cha magurudumu, nitakushika mkono mpaka mlangoni kwenu."

Alinitazama kwa upole ambao hanipi mara nyingi. Nilidhani atasingizia magoti yake mabovu. Nilikuwa na jibu la magoti.

"Nikifika," alisema, "nani ataniuliza nilikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo nimtajie mtu. Nilipita ukoo mzima kichwani, shangazi, binamu, majirani wa kisimani, kila niliyewahi kumsikia akitajwa katika nyumba yetu. Mama alinisubiri kwa subira, huenda akitumaini mimi ninamjua mmoja ambaye yeye kamsahau. Sikumpata.